Maumivu Yaliyongoja Usiku

Nilikuwa na miaka 17 muundi wa mguu wangu wa kulia ulipoanza kuniamsha saa nane usiku. Kila usiku, pale pale. Ningeweza kupafunika kwa kidole kimoja. Mchana nilicheza mpira nikasahau. Usiku mfupa ulitafunwa kwa ndani.

Tuliambiwa ni maumivu ya ukuaji. Lakini hayo kwa kawaida hushika miguu yote miwili, wala hayang'ang'anii sehemu moja. Yangu yalikuwa yamepiga kambi. Mwaka mzima mama alikaa ukingoni mwa kitanda akinikanda muundi, na nilijua kuna neno analoliogopa ambalo hakuthubutu kulitamka.

Kisha tukampata daktari mmoja aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Ukimeza ibuprofeni inakuwaje?"

"Yanaisha, daktari. Haipiti saa moja."

Akaweka kalamu chini. "Na usipomeza?"

"Mpaka kukuche."

Eksirei ilionyesha mfupa ulionenepa upande mmoja, basi. Kipimo cha CT, eksirei inayopiga picha za mfupa tabaka kwa tabaka, ndicho kilichomfichua adui: kiduara cheusi cha milimita 7, kidogo kuliko kifungo cha shati, kina punje nyeupe katikati, na mfupa mgumu umekizingira pande zote. Osteoidi osteoma. Uvimbe, lakini si saratani. Mama akamwomba arudie hapo mwisho. Akarudia, mara tatu, bila haraka, na hilo sitalisahau.

Alitueleza kwamba kiini kile hutoa kwa wingi prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu, na ibuprofeni huzuia mwili kuzitengeneza. Kumbe kidonge kile kilikuwa kikitupa jibu mwaka mzima!

Uvimbe wa aina hii huweza kupoa wenyewe, ila baada ya miaka. Sikuwa na miaka ya kukesha. Nikapewa nusukaputi, sindano ikapenyezwa hadi kwenye kiini ikiongozwa na picha za CT, ncha yake ikapashwa joto la nyuzi 90 kwa dakika 6 ili kukiunguza. Nilipozinduka nilikuta tundu moja na plasta moja.

Usiku ule niliamka saa nane kwa mazoea, nikabana meno, nikangoja. Kidonda kiliwasha kidogo. Mama alikuwa macho, mkono uko tayari muundini pangu.

"Yamekuja?"

"Hayajaja, mama."

Hakuuondoa mkono mpaka alfajiri.