Dakika mbili za barafu kwa siku

Jioni hii mawazo yangu yako kwa Jaclyn Narracott wa Brisbane, Australia, mchezaji wa skeletoni, na kwa hesabu moja inayonigusa sana. Skeletoni ni kuteremka njia ya barafu yenye kona ukiwa juu ya sledi, kigari kidogo kinachoteleza. Siku ya mazoezi, kwa kawaida mchezaji hupata mishuko miwili tu, kila mmoja takriban dakika moja. Dakika mbili za barafu, basi. Wajerumani wana njia za barafu kwao. Australia haina hata moja.

Mwanzo wa mbio unaweza kuufanyia mazoezi popote: unakimbia umeinama, mkono ukisukuma sledi, kisha unajitupa kifudifudi, kichwa mbele. Ndiyo maana wakimbiaji wa mbio fupi huufaa mchezo huu. Ami yake Jaclyn, Paul Narracott, alikimbia Olimpiki ya 1984, kisha akashiriki bobsledi, mchezo wa sledi ya kuketi ndani, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Albertville mwaka 1992.

Kuiongoza sledi ndiko kunakotaka barafu. Haina usukani wala breki. Ukikandamiza bega, fremu hujipinda kidogo, chuma cha chini kinauma barafu, sledi inageuka. Ukizidisha, mkia unateleza kando. Ukichelewa, unatoka kwenye kona vibaya na kugonga ukuta. Kosa la juu lina gharama kuliko la chini, maana huwezi kusukuma tena: mwendo uliopotea kwenye kona ya pili unaukosa mpaka mwisho. Kwa hiyo wachezaji huikagua njia kwa miguu, halafu hufumba macho na kuipita kichwani kona kwa kona, mabega yakicheza. Jioni ni zamu ya vyuma: msasa wa punje kubwa kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, hadi ukucha usihisi mkwaruzo. Kuvipasha moto ni marufuku.

Kwenye Olimpiki ya Pyeongchang 2018 Jaclyn alimaliza wa 16. Januari 2022 alishinda mbio za Kombe la Dunia huko St. Moritz, ambako njia hujengwa upya kila majira ya baridi kwa theluji na maji. Mwezi uliofuata, kwenye kona 16 za Yanqing, njia ya Olimpiki ya Beijing, alilala akiongoza baada ya mishuko miwili. Kesho yake Hannah Neise wa Ujerumani akampita, na jumla ya mishuko minne ikawatenganisha kwa sekunde 0.62. Ikawa fedha, medali ya kwanza ya Olimpiki ya Australia katika michezo ya sledi, kutoka nchi ambayo mchezaji wake hupanda ndege kila anapotaka kuigusa barafu ya kona.