Kijana wa raundi ya saba

Tangu hoki ya barafu iniingie damuni hapa Kanada, siku ninayoipenda zaidi kwenye drafti ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, ambapo timu huchagua vijana kwa zamu, ni ya pili, raundi za mwisho zinapofika na wengi wameshaacha kutazama. Raundi 7, timu 32, vijana 224. Wengi wa raundi ya saba hawatacheza NHL hata mechi moja, na sioni sababu ya kumficha mzazi hilo.

Lakini Pavel Datsyuk alichaguliwa wa 171 mwaka 1998, raundi ya sita, Henrik Zetterberg wa 210 mwaka uliofuata, raundi ya saba, wote na timu ya Detroit, na wote wakanyanyua Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL.

Juzi jirani aliniuliza kuhusu mpwa wake wa raundi ya saba. Sikuanza na mabao. Nilimwuliza kijana kazaliwa lini. Tarehe ya mwisho ya kuhesabu umri wa kuingia drafti ni Septemba 15, kwa hiyo aliyezaliwa Agosti hupimwa pamoja na wenzake wanaomzidi karibu mwaka mzima, na katika umri ule mwaka mmoja ni kifua na miguu mingine kabisa. Kisha nikauliza kama anausoma mchezo. Kasi ya kuteleza hufundishika. Joe Pavelski, wa 205 mwaka 2003, hakuwa mwepesi barafuni, ila alijua paki, kile kisahani kinachochezewa, itaangukia wapi. Akapitia Chuo Kikuu cha Wisconsin, akaanza NHL 2006, akacheza zaidi ya mechi 1,300.

Nikamwambia jirani ampe kijana miaka minne, mitano, kabla ya kumhukumu.