Grafu ya mvua: Dodoma imekubali baada ya mwaka kuanza Julai

Hatimaye! Grafu yangu ya mvua ya kila mwezi katika miji mitano ya Tanzania sasa inasomeka bila maelezo ya pembeni, na kilichoifungua ni kuacha kuanza mwaka na Januari.

Mistari mitano kwenye grafu moja niliiacha mapema, ilipishana mno. Kila mji ukapata kijigrafu chake cha nguzo, vyote kwa skeli moja. Dar es Salaam ikajieleza vizuri: masika ya Machi hadi Mei yamepanda, vuli ya Oktoba hadi Desemba inafuata kwa udogo wake. Tanga vilevile. Dodoma ikagoma. Ina msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, lakini grafu ilionyesha vilima viwili, kimoja kushoto kabisa na kingine kulia kabisa, katikati patupu. Asiyeijua Dodoma angeapa ina misimu miwili. Kila nguzo ilikuwa na urefu wake sahihi, ila picha nzima ilikuwa ya uongo, na hilo liliniudhi kuliko kosa lolote la hesabu.

Nikajaribu duara, maana miezi huzunguka. Linapendeza, ila jicho hulinganisha vibaya vipande vya duara. Watafiti wa takwimu Cleveland na McGill walilipima hilo mwaka 1984: watu hukadiria vyema zaidi vitu vilivyosimama kwenye mstari mmoja kuliko pembe au maeneo. Duara nje.

Ndipo nikaifikiria Julai. Sehemu kubwa ya nchi huwa kavu Juni hadi Agosti, kwa hiyo mwaka ukikatwa hapo hakuna msimu unaopasuliwa. Dodoma ikawa na kilima kimoja, kirefu, katikati. Mtwara nayo ikanyooka papo hapo. Hata Bukoba, isiyokosa mvua karibu mwaka mzima, hupungukiwa Julai.

Kwa wanaotumia R, lugha ya programu ya takwimu: ggplot2, kifurushi chake cha kuchorea grafu, hupanga majina ya miezi kialfabeti, Agosti mbele. Yafungie mpangilio kabla ya kuchora. Na skeli huru kwa kila kijigrafu naikataa kabisa: inaifanya Dodoma, yenye karibu milimita 600 kwa mwaka, ionekane sawa na Bukoba inayokaribia 2,000. Excel ndiyo hufanya hivyo yenyewe, kila grafu na skeli yake, mpaka uzirekebishe moja moja kwa mkono. Kwa kazi hii siirudii.

Rangi nilizopanga kushughulikia wiki hii nimeziahirisha; bluu moja inatosha kwa kuwa jina la mji liko juu ya kila kijigrafu. Nimevutiwa na jambo jingine: kuweka nukta ya kila mwaka juu ya nguzo ya wastani. Wastani unameza mvua za El Niño za 1997/98, na kwa mwaka unaoanza Julai msimu ule wote unakaa mahali pamoja. Kwa sasa nukta za miezi mikavu zinarundikana kwenye sifuri na kufunikana. Nitajaribu kuzitawanya kidogo kwa upana, bila kugusa kimo.