Kikopo cha choo kikilala kwenye friji

Wiki iliyopita alikuja maabara kwetu mama mmoja na kikopo cha choo cha mwanae wa miaka mitatu, mtoto anaharisha damu siku ya pili, na mama wa watu alijitahidi kweli, alichukua choo saa mbili usiku akakifunga vizuri akakiweka kwenye friji mpaka asubuhi. Nikampokea alafu nikamuomba kingine kipya. Akaniangalia tu, akasema sasa dada, friji si ndo inatunza vitu visiharibike?

Swali lake ni zuri mno. Friji ya nyuzi 2 mpaka 8 inawapunguza kasi bakteria wa kawaida wa utumbo, maana choo kikikaa mezani na joto letu hili E. koli wanazaliana, wanatoa asidi, na Shigela, yule wa kuhara damu, asidi inammaliza. Kwa hiyo friji ni afadhali kuliko meza, ila Shigela ni dhaifu jamani, hata kwenye baridi anaendelea kufa taratibu. Choo kibichi tunataka kifike ndani ya masaa 2, kikichelewa kiwekwe kwenye Cary-Blair, ile kama jeli laini ambayo haina chakula cha kuwafanya wazaliane na haina asidi, alafu ndo ipozwe.

Niliotesha vyote viwili, yaani nilipaka choo kwenye sahani zenye chakula cha bakteria, ambapo E. koli hutoa rangi ya njano na Shigela hutoa vidoti vyekundu. Kesho yake sahani ya kile cha friji ilikuwa njano tupu, ya kile kipya ilikuwa njano pia ila pembeni kuna vidoti vyekundu kama sita hivi, vinang'aa, havina weusi katikati. Nilivipima zaidi, ni Shigela. Yaani tungeishia kwenye kile cha kwanza tungeandika hakuna kitu na mtoto anazidi kuharisha damu.

Sasa usiseme friji ni mbaya, inategemea unamtafuta nani. Sumu ya C. difficile, bakteria anayeleta kuhara hasa baada ya antibiotiki, inaharibika haraka kwenye joto, hiyo weka friji. Kipimo cha choo cha H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, nacho kinavumilia friji siku kadhaa. Amiba anayetembea ndo usimpeleke huko kabisa, akipoa anaacha kutembea na kwenye darubini humtambui tena. Na kipindupindu kikishawekwa kwenye Cary-Blair hakihitaji friji, kinasafiri hivyohivyo.

Kwa hiyo ukipewa kikopo uliza kwanza kipimo gani, na tafadhali andika saa uliyochukua choo, sio tarehe tu.