Vipande vya chemni

Jana jioni kitinda mimba wangu alipanda juu ya benchi karakanani, akashusha lile kopo la maziwa kutoka rafu ya juu, akalitikisa. "Baba, hivi mbona huviyeyushi?" Nilimwambia ni vya bibi mmoja, avirudishe taratibu. Usiku usingizi ulinipaa.

Ilikuwa Jumamosi ya wageni, mwezi wa Julai, ile baridi ya Iringa inayomfanya kila mtu asogelee tanuri. Banda limejaa: wanafunzi, wageni wawili waliokuwa njiani kwenda Ruaha, akina mama wa Kihesa na watoto mgongoni. Bibi huyo alikaa nyuma kimya mpaka nilipomaliza kupuliza chombo cha mwisho cha kioo. Akaja, "Kamwene," akafungua fundo la kanga mbele yangu. Ndani kulikuwa na vipande vya chemni ya kandili, upande mmoja vimeshika masizi. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa chai kule Mufindi, na alfajiri zote za ndoa yao bibi ndiye aliyemwashia taa ile. Mzee ameshatangulia. Juzi paka ameiangusha.

"Nitengenezee glasi, baba. Ya kunywea chai yangu."

Nilijua, na hilo ndilo linalonikaa rohoni. Kioo cha chupa ninachoyeyusha na kile cha chemni yake havikuwa ndugu. Chemni ya aina ile imetengenezwa ivumilie moto wa utambi. Ikipata joto haitanuki sana, na ikipoa haisinyai sana. Cha chupa husinyaa zaidi. Ukivigandisha pamoja, kila kimoja kinavutia kwake mpaka kimojawapo kishindwe. Hayo namfundisha mwanagenzi wiki ya kwanza. Lakini watu walikuwa wamegeuka wanatutazama, na yeye ameishika kanga kwa mikono miwili. Nikasema, "Sawa, bibi."

Nilivisugua masizi, nikavivunjavunja vidogo, nikavipasha moto juu ya bamba la chuma. Nikachovya bomba tanurini, kwenye nyuzi 1,100 hivi, nikachota bonge la kioo jekundu linaloning'inia kama asali. Bomba halitakiwi kusimama hata kidogo. Ukiacha kulizungusha, bonge linalala upande. Nikalibiringisha juu ya vile vipande, vikanasa. Nikalirudisha motoni, kisha nikakaa kwenye benchi, nikalituliza kwa gazeti bichi lililokunjwa kiganjani. Moshi wa gazeti ukapanda, harufu ile ya karatasi mbichi inayoungua. Hapo nikamwita.

"Njoo upulize mwenyewe, bibi."

Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, kule kwenye ncha ya bomba, huku mimi nikiendelea kulizungusha. Akapuliza, kitu hakikutokea. "Zaidi kidogo, bibi." Akafumba macho, akajaza mashavu. Nikaona kioo kinafunguka ndani, polepole, kiputo kimoja kinakua, na vipande vya chemni vinaachana juu yake, kila kimoja kinang'aa peke yake kama umande kwenye majani ya chai. Banda zima hakuna aliyekohoa. Alipofumbua macho akakiona, akaweka mkono kifuani. Nimepuliza vioo maelfu. Pumzi iliyoingia kwenye kile ndiyo ninayoikumbuka.

Usiku kucha kilikaa kwenye tanuri la kupoozea, kikishuka kutoka nyuzi 500 kidogo kidogo. Asubuhi kikatoka kizima. Nilikigonga kwa kucha, kikaitika vizuri, nikaanza kujiambia labda. Akakichukua Jumatatu.

Baada ya wiki mbili alirudi na kanga ileile.

"Kililia usiku, baba. Kiko mezani, hakuna aliyekigusa. Kikalia mara moja tu."

Kimepasuka kuanzia mdomoni hadi kitakoni, ufa umepita pembeni ya kila kipande cha chemni kana kwamba umechorwa. Nikamweleza habari ya vioo viwili visivyopoa sawa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, bibi."

Hakunilaumu. Alikitazama muda mrefu, akasema, "Basi vikae kwako." Nilitaka kumpa glasi nyingine, nzuri kuliko ile, akakataa kwa upole. Baadaye nikasikia amehamia Mafinga kwa mwanawe.

Mpaka leo sijaamua. Ningemkatalia siku ile, asingepiga magoti pale akapuliza. Nilipomkubalia, nilimpa kitu nilichojua kitamlilia usiku. Wageni wakiniuliza kama naweza kuyeyusha kitu cha nyumbani kwao, siku hizi nakigeuza mkononi muda mrefu kabla ya kujibu, na mara nyingi jibu ni hapana.

Asubuhi hii binti ameuliza tena kama bibi atakuja kuvichukua. Nimemshikia benchi, akapanda, akalisukuma kopo mpaka ukutani.