Amplifaya Mbili Mpya, Shemeji, na Goti Lake

Walioniambia kwamba amplifaya ya daraja la juu, ile mashine inayokuza umeme wa muziki ili usukume spika, nitaisikia tofauti yake ndani ya sekunde 10 hawakukosea. Niliisikia. Shughuli ilikuwa kujua ni kitu gani hasa nilichokuwa nakisikia, na hiyo ilinila siku 9 pamoja na heshima yote niliyokuwa nayo mbele ya shemeji yangu.

Muuzaji aliniazima mbili kwa wiki 2. Amana niliyoacha siitaji hapa, maana mke wangu husoma ninachoandika. Tuseme pikipiki ingepatikana, na helmeti juu.

Ya kwanza niliibatiza Jiko. Ni ya klasi A: wati 30 kila upande, kilo 40 na ushei, mapezi ya aluminiamu kushoto na kulia ambayo ukiyashika baada ya saa moja unaondoa mkono bila kuambiwa. Transista za klasi A, vile vifaa vidogo vinavyoongoza umeme kwenda kwenye spika, hazilali. Umeme unapita ndani yake muda wote, muziki uwepo usiwepo. Nilichomeka kipima umeme kwenye soketi kikasoma wati 220 nyumba ikiwa kimya kabisa. Na kituko chake ni kwamba ikipiga muziki kwa nguvu inatoa joto pungufu kidogo kuliko ikinyamaza, kwa sababu sehemu ya ule umeme uliokuwa unageuka joto la bure sasa unakwenda kwenye spika.

Ya pili ni Sinia. Klasi D, nyembamba, kilo 6, wati 250 kila upande, ukiigusa ni baridi utadhani haijawashwa. Hiyo D si ya "dijitali", usimsikilize anayekuambia hivyo. Ni herufi tu iliyofuata C. Transista zake zinawaka na kuzimika kabisa, mara laki kadhaa kwa sekunde, halafu koili na kapasita za mwishoni zinachuja ule mkatiko ubaki muziki.

Na nyumbani alikuwepo Mzee, amplifaya yangu ya klasi AB (transista zake hupumzika kwa zamu), wati 80, ambaye nimekuwa naye tangu sijaoa.

Jiko liliingia kwa kishindo. Nilipobonyeza swichi, nyumba nzima ikawa giza. Transfoma ya ukubwa ule ikiwashwa hunywa umeme kwa mkupuo mmoja, na swichi kuu ikadhani kuna shoti. Nikaipandisha, nikabonyeza, giza tena. Sauti ikatoka chumbani: "Baba Zuhura, umeleta redio au mashine ya kusaga?" Mara ya tatu likakubali, kwa sababu inategemea umebonyeza wimbi la umeme likiwa wapi. Baadaye fundi alibadilisha ile swichi akaweka ya aina isiyoshtuka upesi. Hilo mwachie fundi.

Basi nikakaa kusikiliza, na hapa ndipo nilipojiaibisha. Nilicheza wimbo mmoja kwa Mzee, nikahamisha waya, nikaucheza kwa Jiko. Mungu wangu. Besi ilishuka hadi kwenye miguu ya kochi. Mwimbaji nilimsikia akivuta pumzi. Matoazi yalikuwa na shaba ndani yake. Nilichukua kalamu nikajaza kurasa 5 usiku ule, na ninazo hadi leo, sizionyeshi kwa mtu. Kuna mahali nimeandika "Mzee alikuwa ananificha muziki miaka yote hii." Kuna mahali nimeandika neno "roho" mara 3 katika sentensi moja. Saa 6 usiku nikampigia shemeji simu kumweleza. Shemeji ni fundi wa mitambo ya matamasha, mtu wa maneno machache. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Ulisawazisha sauti, shemeji?"

"Nimeacha namba ileile. 42 kwa Mzee, 42 kwa Jiko."

"Na waya?"

Waya! Mzee ana matundu ya RCA peke yake, yale madogo ya mviringo ya waya wa kawaida. Jiko lina yale makubwa ya pini 3, ya XLR, na muuzaji alinisisitizia nisije nikalidhalilisha kwa waya mwingine. Shemeji akacheka mpaka akakata simu.

Kesho yake alikuja na multimita, kile kipima volti cha bei ya chee cha kila fundi, na kunionyesha. Waya wa pini 3 hubeba muziki mara mbili, pini moja ukiwa wima na nyingine ukiwa umegeuzwa, kwa hiyo priamplifaya nyingi (kile kisanduku cha kupandisha na kushusha sauti, kinachokaa kabla ya amplifaya) hutoa humo volti 4 pale ambapo RCA hutoa 2. Volti zikiwa maradufu ni desibeli 6 zaidi, na desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti. Namba 42 ilikuwa ileile kwenye kioo, lakini Mzee nilikuwa namsikiliza akinong'ona na Jiko likipiga kelele. Ile besi ya miguu ya kochi nayo ina maelezo yake ya zamani: sikio la binadamu husikia besi vibaya sauti ikiwa chini, na ukipandisha, besi huinuka upesi kuliko vingine. Watafiti Fletcher na Munson walilichora hilo mwaka 1933. Mimi nililiita roho.

Kwa hiyo kabla hujampa mtu pesa kwa ajili ya "uhai" na "kina", mwulize kama amplifaya alizolinganisha zilikuwa sawa kwa volti. Hata nusu desibeli, ambayo hutatambua kwamba ni sauti iliyopanda, utaitambua kama uzuri.

Namna ya kusawazisha ni hii, na ninajivunia kuwa sasa naifanya bila kusaidiwa. Unacheza mlio mmoja usiobadilika, sisi tulitumia wa hezi 100, yaani mitikisiko 100 kwa sekunde. Tulianza na 1,000 tukaacha, kwani multimita za bei ndogo huanza kudanganya mlio ukipanda. Spika ziwe zimeunganishwa vilevile. Unaweka multimita kwenye volti za AC, ncha mbili kwenye matundu ya spika, unasoma. Kwa Mzee tuliweka volti 2.00. Kisha unahamia amplifaya nyingine na kurekebisha hadi isome hivyohivyo. Mlio wenyewe unachosha. Mke wangu alichungulia mara moja akauliza meli inaondoka saa ngapi.

Kilichotusumbua ni kwamba priamplifaya yangu hupanda kwa hatua za nusu desibeli, kwa hiyo Jiko likawa linasoma 1.95 au 2.06, halitulii katikati. Mimi nilisema inatosha. Shemeji alisema tofauti isizidi volti 0.02, ambayo ni takriban sehemu moja ya kumi ya desibeli, la sivyo tuwashe televisheni tuangalie mpira. Tukahamia kwenye programu ya muziki ya kompyuta, ambayo inaruhusu kupunguza kwa sehemu za kumi, na hapo tukaipata 2.01.

Usiku ule, muziki ukicheza kwa sauti ambayo mimi huiita kubwa, niliacha ncha za multimita palepale kwa udadisi. Sindano ingekuwepo ingekuwa inachezacheza karibu na volti 2. Sasa volti 2.83 kwenye spika ya omu 8 ni wati 1. Yaani mimi niliyekuwa nahangaika nichague wati 30 au 250, kwa wastani natumia nusu wati! Vishindo vya ngoma vinaruka juu zaidi, kweli, mara kumi na hata mara mia, na ndivyo vya kuhesabia unapochagua wati. Lakini nusu wati.

Halafu jaribio lenyewe. Mimi nimekaa kwenye kochi, shuka limetundikwa mbele ya kabati. Mke wangu anarusha sarafu jikoni na kumwonyesha shemeji kwa vidole: Jiko au Mzee. Shemeji anasimamisha muziki, anahamisha waya, anaucheza tena, mimi ninaandika. Raundi 16. Ukibahatisha tu utapata kama 8. Ukipata 12 au zaidi, kuna kitu unakisikia.

Mtu atauliza mbona hatukutumia kisanduku cha swichi, kile kinachohamisha spika toka amplifaya moja hadi nyingine kwa kubonyeza. Shemeji alikuwa nacho, alikataa. Sinia, kama amplifaya nyingi za klasi D, ina umeme wa muziki kwenye matundu yote mawili, jeusi na jekundu, na vile visanduku vingi huunganisha meusi yote pamoja. Unaweza kuiua amplifaya ya watu kabla hujailipia. Tukahamisha kwa mkono.

Nilipata 15 kati ya 16.

Niliruka. Nilimshika mke wangu tukazunguka sebule. Nilimwambia shemeji kwamba multimita haina masikio, kwamba kuna mambo hayaandikiki kwenye kioo, kwamba wengine tumezaliwa nayo. Sikubakiza. Shemeji alikuwa ametulia, anafikiri, anajipapasa mguu. Kisha akaniambia nifumbe macho, bila muziki wowote, amplifaya zote zikiwa kimya. Akasema, "Hii ni ipi?"

Kwa.

"Jiko," nikajibu.

Kimya. "Na hii?" Sikusikia kitu. "Mzee."

Mzee yuko kwenye rafu, usawa wa kifua. Jiko liko sakafuni, kwa kuwa rafu isingelibeba. Ili alifikie, shemeji lazima achuchumae, na goti lake la kulia, aliloliumiza ujanani kwenye mpira, hulia "kwa" kila akichuchumaa. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa goti.

Tukarudia. Safari hii alichuchumaa kila raundi, iwe Mzee iwe Jiko, maskini, mara 16. Nikapata 9. Sinia na Mzee kesho yake: 8. Siku ya 8, kwa kiburi, nikarudia Jiko na nyimbo ninazozijua kwa moyo: 7.

Sasa kabla ya mtu kusema amplifaya zote ni sawa, subiri. Siku ya mwisho shemeji alileta rekodi yake ya ngoma, haijabanwa hata kidogo, yaani milio midogo na mikubwa imeachwa na tofauti zake, na tukapandisha hadi sauti ya sherehe. Hapo ndipo Jiko liliposhindwa. Kila ngoma kubwa ikigongwa, ile sauti laini ilikuwa inapasuka, inakwaruza, kama mtu anayepiga yowe koo likiwa limekauka. Wati 30 zilikuwa zimekwisha, vilele vya mawimbi vinakatwa. Mzee akahimili zaidi. Sinia haikujua kama kuna kazi. Spika zangu ni za desibeli 87 kwa wati moja, yaani zinataka wati nyingi ili zipige kwa nguvu. Mwenye spika za desibeli 97 angelala na Jiko kwa amani. Na msidhani wati 250 ni kelele mara nane ya wati 30. Ni desibeli 9 na kidogo, hata haijafika kile ambacho sikio huhesabu kuwa sauti maradufu.

Ushauri mbovu nilioupata wiki zile ungejaza gunia. Mmoja alisema Sinia "inahitaji saa 300 ichangamke" kabla ya kuihukumu. Piga hesabu: wiki 2 ni saa 336. Yaani ikishachangamka, una siku moja na nusu ya kuirudisha, na wakati huo masikio yako yamekwisha kuizoea. Jiko ndilo linahitaji muda, lakini ni wa kupata joto tu mpaka transista zitulie. Nilikuwa naliwasha saa moja kabla, basi.

Mwingine, na huyu ningependa nimpe multimita ailambe, aliposikia kuna mvumo kwenye spika nilipounganisha kompyuta, alinishauri nikate pini ya ethi kwenye plagi ya Jiko. Boksi la chuma la kilo 40 lenye umeme wa ukutani ndani, na mtoto anapita hapo! Ethi ndiyo inayokuzuia kufa siku waya wa ndani ukilegea ukagusa boksi. Mvumo uliondoka nilipochomeka vyote, kompyuta na amplifaya, kwenye ekstensheni moja. Dakika 2.

Nimebaki na Sinia. Mzee angetosha, matokeo niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na mke wangu ndiye aliyekuwa anarusha sarafu, kwa hiyo kuhusu ile amana bado tunazungumza. Ila natamani Jiko. Usiku taa zikiwa zimezimwa, ukilikaribia, unalisikia joto lake usoni kabla hujaliona.

Jumamosi tulilirudisha. Mimi nilishika nyuma, shemeji akashika mbele, akachuchumaa ili anyanyue.

Kwa.

"Jiko," nikasema.