Jiwe la Laizer na daftari langu la madeni

Mtoto wa kaka yangu ameuza bodaboda yake Kondoa ili aende Mererani, kwenye machimbo ya tanzanite. Nilipompigia alinijibu neno moja: "Laizer, shangazi."

Nani asiyeikumbuka ile picha? Juni 2020, Saniniu Laizer ameshika mawe mawili ya tanzanite, moja kilo 9.2, jingine kilo 5.1. Serikali ikayanunua kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, na Rais Magufuli akampigia simu kumpongeza. Agosti akatoa jingine la kilo 6.3. Nilimfurahia kwa moyo wote, Mmasai wa Simanjiro, mchimbaji mdogo, aliyesema atajenga shule kwao. Lakini Laizer ni mwenye mgodi. Mtoto wa kaka yangu anakwenda kuwa apolo, yule anayeshuka shimoni kumchimbia mwenye mgodi.

Mimi nilikuwa mama ntilie kule, nawajua wanaapolo. Zamu ya usiku ikitoka, humtambui hata mteja wako wa kila siku. Vumbi la kinywe, yale madini meusi ya penseli, limempaka rangi ya sufuria, hadi kope zinang'aa, na kikombe cha chai anakirudisha na alama za vidole ambazo sabuni ya kawaida haizitoi. Anakula wali maharage, anaongeza chapati, kisha: "Mama, andika." Naandika. Atalipa mzigo ukitoka.

Kwa sababu apolo hana mshahara. Bosi anatoa chakula, baruti na mafuta ya mashine inayosukuma hewa chini. Apolo anatoa mwili wake. Shimo laweza kula mwaka mzima bila kurudisha kitu. Jiwe likipatikana, bosi ndiye anayelipeleka kwa mnunuzi na bosi ndiye anayerudi kusema limekwenda kwa kiasi gani. Hapo ndipo mgao unafanyika, kwa asilimia walizokubaliana kwa mdomo. Aliyelibandua mwambani hakuona mizani wala risiti.

Kijana mmoja wa Singida alikuwa amejaza kurasa mbili za daftari langu. Siku shimo lao lilipotoa, mji wote ulijua, baa zilikesha. Wao wakaambiwa mawe yalikuwa machafu, yameuzwa kwa hasara. Alinilipa nusu ya deni, akanunua viatu. Bosi wake alibadilisha gari mwezi uleule.

Na alirudi chini. Wazee husema vijana hawa wanakimbia jembe. Mimi nimewalisha, nakataa. Ukiondoka leo na kesho wenzako wakaukuta mkanda wa mwamba wenye mawe, jasho lako lote la nyuma limepotea, maana hakuna karatasi inayosema uliwahi kuchimba pale. Ndivyo wanavyofungwa. Machi 2008 mvua ilipojaza mashimo, makumi ya vijana walikufa maji. Asiye na mkataba, nani ana orodha inayoonyesha kwamba yuko chini?

Ukuta wa kilomita 24.5 unaozunguka machimbo, uliozinduliwa Aprili 2018, nauunga mkono. Mawe yalikuwa yanatoroshwa mchana kweupe. Ila pale getini apolo anapekuliwa mwilini, wakati hesabu za mgao hazipekuliwi na mtu. Kama serikali iliweza kuzungushia milima ukuta, inaweza kudai kila mwenye leseni awe na mikataba ya maandishi, na mwakilishi wa wanaapolo asimame pale jiwe linapopimwa na kuuzwa. Hilo halihitaji hata tofali moja.

Mtoto wa kaka yangu sikumzuia. Ana miaka yake, na Kondoa nako bodaboda zimejaa kuliko abiria. Nimemwambia aulize mambo mawili kabla ya kuzama: nani ataandika jina lake, na nani kati yao atakwenda na bosi siku ya kuuza. Akijibiwa "tutaelewana", apande gari arudi. Nauli nitamtumia.